Sura ya 7: Kiambatisho Kisichofunguka

Malalamiko huja kwa sura chache tu. Barua pepe imefika, maneno yanasomeka, lakini kiambatisho hakimo. Au kimo, ila kikibonyezwa simu inasema faili limeharibika. Au kinafunguka na ndani hamna kitu. Au kimegeuka lundo la herufi zisizo na maana zilizojaa barua nzima. Au barua haikufika kabisa, na seva imejibu kwa namba na sentensi fupi ambayo hakuna aliyeisoma.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao. Chama cha akiba na mikopo kina programu ambayo kila mwisho wa mwezi humtengenezea kila mwanachama taarifa ya akaunti kwa PDF na kumtumia kwa barua pepe. Kazi za namna hii zimejaa Afrika Mashariki: shule hutuma ripoti za wanafunzi, ofisi hutuma hati za mishahara, maduka hutuma ankara. Mara nyingi programu imeandikwa na mtu mmoja, kwa Python au PHP, ikajaribiwa kwa anwani yake mwenyewe, ikafanya kazi, ikaachwa. Kasoro huonekana siku wanachama wanapoanza kupiga simu.

Simu zikianza kulia, wengi hukimbilia msimbo. Hubadilisha mstari mmoja na kutuma tena, kisha mwingine na kutuma tena, mpaka hawajui tena kipi kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Naona huko ni kuanzia mwisho. Pa kuanzia ni barua iliyotumwa, wala si programu iliyoituma. Barua pepe, pamoja na picha na PDF zote zilizomo, ni maandishi kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Inafunguka kwa programu yoyote ya kuhariri maandishi. Ukiisoma kwa utulivu, mara nyingi itakuonyesha imeharibikia wapi kabla hujagusa msimbo hata kidogo.

Kuwa kwake maandishi kuna historia. Kanuni za barua pepe tunazozitegemea mpaka leo zilitoka Agosti 1982. Jon Postel aliandika namna seva zinavyopokezana barua, utaratibu uitwao SMTP, na David Crocker akaandika umbo la barua yenyewe. Barua ya wakati ule ilikuwa maneno ya Kiingereza yaliyopigwa kwenye kibodi, basi. Herufi moja ilitumia biti 7, yaani alama 128 kwa jumla, na mstari haukuruhusiwa kuzidi herufi 1,000, zikihesabiwa na alama mbili za kufunga mstari. PDF au picha hutumia biti zote 8 za kila baiti, na haina mistari. Ingetumwa ilivyo, seva za njiani zingeweza kuikata biti ya nane na kuipasua pale zilipotaka.

Watu walijitafutia njia. Mwaka 1980, hata kabla ya kanuni hizo, Mary Ann Horton wa chuo kikuu cha Berkeley alikuwa ameandika uuencode, programu iliyogeuza faili kuwa herufi za kawaida. Mpokeaji alizitoa herufi hizo kwenye barua na kuzirudisha kuwa faili mwenyewe. Njia rasmi ilikuja 1992, Nathaniel Borenstein wa Bellcore na Ned Freed wa Innosoft walipoandika kanuni za MIME, zilizochapishwa Juni mwaka huo. Tarehe 11 Machi 1992 Borenstein alikuwa amekwisha kuwatumia wenzake barua yenye picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne, Telephone Chords, na sauti yao wakiimba. MIME haikulazimisha seva hata moja ibadilike. Iliiacha njia ya 1982 kama ilivyo, ikalipa kila faili namna ya kusafiri kama maandishi. Karibu kila kasoro ya kiambatisho ninayoijua hutokea pale faili linapovaa umbo hilo la maandishi, au hata kabla yake.

Basi tuifungue barua. Kwenye Thunderbird bonyeza Ctrl+U. Kwenye Gmail, ifungue kwa kompyuta, nenda kwenye menyu ya nukta tatu, utakuta chaguo la kuiona barua katika hali yake ya asili. Taarifa ya mwanachama iliyo nzima huonekana hivi, nikiwa nimepunguza:

From: taarifa@example.com
To: mwanachama@example.org
Subject: Taarifa ya Juni
MIME-Version: 1.0
Content-Type: multipart/mixed; boundary="mpaka42"

--mpaka42
Content-Type: text/plain; charset="utf-8"

Ndugu mwanachama, taarifa yako ya Juni imeambatishwa.

--mpaka42
Content-Type: application/pdf
Content-Transfer-Encoding: base64
Content-Disposition: attachment; filename="Taarifa ya Juni.pdf"

JVBERi0xLjQKJeLjz9MK...
--mpaka42--

Juu kuna vichwa vya barua nzima. Kimojawapo kinatangaza kwamba ndani kuna sehemu mbalimbali na kwamba zinatenganishwa na neno mpaka42. Kila sehemu huanza na dashi mbili na neno hilo, ikafuatwa na vichwa vyake, kisha mstari mtupu, kisha yaliyomo. Mpaka wa mwisho una dashi mbili nyuma pia, kuonyesha barua imeisha.

Mstari mtupu ndio unaowaponza wanaoijenga barua kwa mkono, hasa kwa kazi ya mail() ya PHP, wakiunganisha vipande vya maandishi kimoja baada ya kingine. Mstari huo ndio unaosema: vichwa vimeisha hapa. Usipowekwa, msomaji huyachukua yaliyomo kama vichwa, na kiambatisho hupotea. Ukiwekwa mapema mno, vichwa huchukuliwa kama maneno ya barua, na mwanachama huona Content-Type na kurasa za herufi za ajabu chini yake. Katika PHP kuna chanzo kimoja cha hili kinachokwepa macho: alama ya kufunga mstari, \r\n, ikiandikwa ndani ya nukuu moja badala ya nukuu mbili, PHP haiigeuzi kuwa mstari mpya. Inatuma herufi zenyewe, mkwaju na r na mkwaju na n. Ukiuangalia msimbo utauona uko sawa. Ukiiangalia barua, utaziona \r\n zimekaa katikati ya maneno.

Angalia pia neno lililo baada ya multipart. Likiwa mixed, sehemu zote ni za mpokeaji. Likiwa alternative, barua inasema sehemu hizi ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa namna tofauti, na programu ya mpokeaji ichague moja, kwa kawaida ya mwisho inayoweza kuionyesha. Ndiyo maana kuna barua ambazo PDF huonekana kwa mtu mmoja na kupotea kwa mwenzake: ziliwekwa alternative, na kila programu ikachagua ilivyoona. Alternative ina kazi yake halali, nayo ni kuweka maneno matupu na HTML ya ujumbe ule ule. Hayo hukaa pamoja ndani ya kifurushi kimoja, na kifurushi hicho pamoja na PDF hukaa ndani ya mixed.

Sasa tuje kwenye zile herufi zenyewe, kwa sababu hapo ndipo barua husema mengi kuliko wengi wanavyodhani. Base64 huchukua baiti 3 za faili, ambazo ni biti 24, ikazigawa katika mafungu 4 ya biti 6, na kila fungu likapewa herufi moja kati ya 64 zilizo salama: herufi kubwa, ndogo, tarakimu, alama ya kujumlisha na mkwaju. Kanuni ni ile ile siku zote, kwa hiyo faili linaloanza kwa baiti zile zile litaanza kwa herufi zile zile. Kila PDF huanza na %PDF, basi kila PDF iliyo nzima ndani ya barua huanza na JVBERi. Mafaili ya Word na Excel ya siku hizi, ambayo kwa ndani ni zip, huanza na UEsDB. Picha ya PNG huanza na iVBORw0KGgo, na ya JPEG na /9j/. Zibandike karibu na meza yako ya kazi.

Ukikuta sehemu iliyotangazwa kuwa PDF inaanza na SlZCRVJp, tatizo umelishika. Hiyo ni JVBERi iliyopitishwa kwenye base64 mara ya pili. Mwandishi amelisimba faili mwenyewe, kisha akaikabidhi maktaba ya barua, nayo ikalisimba tena kama ilivyo kazi yake. Mpokeaji huvua safu moja, safu ya pili inabaki, na simu inasema faili limeharibika. Dawa ni kuondoa usimbaji wako na kuiachia maktaba baiti zilivyo.

Ukikuta PCFET0NUWVBF, hilo limenifurahisha kila nilipoliona kwa sababu linamaliza ubishi wa siku nzima kwa herufi chache. Maana yake ni <!DOCTYPE, mwanzo wa ukurasa wa HTML. Programu ilikwenda kuchukua PDF kwa anwani ya wavuti kutoka mfumo mwingine wa chama, mfumo ukaitaka iingie kwanza kwa nenosiri, ukairudishia ukurasa wa kuingilia. Programu haikuuliza imepewa nini. Iliuchukua ukurasa ule, ikaupa jina linaloishia na .pdf, ikautuma kwa watu wote. Hakuna kubadilisha msimbo wa barua kutakakotibu ugonjwa huo, kwa kuwa barua haina kosa. Kinachotakiwa ni programu ikague jibu kabla ya kuambatisha: namba ya jibu, aina ya yaliyomo, na zile herufi nne za mwanzo.

Na sehemu ikiwa na vichwa vyote, jina la faili likiwepo, halafu chini yake kukafuata mpaka bila herufi hata moja? Hilo ndilo faili la baiti 0. Katika Python hutokea sana PDF inapotengenezwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa BytesIO bila kuhifadhiwa kwenye diski. Maktaba ya PDF ikimaliza kuandika, kishale cha kusomea kinabaki mwisho wa data. Ukisema read() kutoka hapo, unasoma kuanzia mwisho kwenda mwisho, yaani hupati chochote, na hakuna kosa linaloripotiwa. Kirudishe mwanzo kwa seek(0), au tumia getvalue(), ambayo haijali kishale kiko wapi.

Ndugu wa kasoro hiyo ni faili lililokatika mkia. Lilitengenezwa kwenye diski, likaambatishwa kabla halijafungwa, na baiti za mwisho zilikuwa bado hazijaandikwa. PDF haivumilii hilo, kwani jedwali linaloonyesha kila kitu kilipo hukaa mwishoni, karibu na alama ya %%EOF. Kuthibitisha ni rahisi: nakili herufi za base64 kutoka kwenye barua, zirudishe kuwa faili kwa amri ya base64 -d, kisha pima faili hilo na lile la awali kwa sha256sum. Alama zikilingana, barua imebeba ilichopewa, na lawama hamishia kwa mtengenezaji wa PDF. Zisipolingana, tafuta kati ya kufungua faili na kuambatisha.

Wapo ambao hawafiki hata huko kwa sababu programu huanguka mapema. Python ikilalamika kwamba haiwezi kusoma baiti 0xe2 iliyoko nafasi ya 10, wala usitafute mbali. PDF nyingi, baada ya mstari wa kwanza, huwa na alama ya asilimia na baiti nne kubwa zilizowekwa makusudi kuonyesha kwamba faili si maandishi, na ya kwanza kati ya hizo nne aghalabu ni 0xe2. Faili limefunguliwa kama maandishi. Lifungue kwa "rb".

Kuna makosa yanayoonekana usiku tu. Programu inafanya kazi mwandishi akiiendesha mwenyewe mchana, ila cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, ikiiendesha haioni faili. Cron haiianzishi kwenye folda ya mradi, kwa hiyo njia fupi kama ripoti/juni.pdf huelekeza mahali pasipokuwepo. Andika njia kamili kuanzia mzizi. La pili ni saa. Seva nyingi za kukodi hutumia saa ya UTC, na Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa 3 mbele yake. Tuseme taarifa zinatengenezwa na kompyuta ya ofisini, ikiyapa mafaili tarehe ya leo kwa jina, na seva inaanza kuzituma saa 7 usiku. Kwa seva hiyo ni saa 4 usiku ya jana. Italitafuta faili la tarehe ya jana, na tarehe 1 itatafuta hata mwezi uliopita. Mbaya zaidi ni pale inapolipata: wanachama wanatumiwa taarifa ya zamani, inafunguka vizuri, na hakuna anayegundua mpaka mtu alinganishe salio.

Majina ya mafaili nayo yana mtego wetu wenyewe. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, kwa hiyo ni rahisi kuamini kuwa majina yetu yako salama daima. Lakini andika "Mauzo ya Ng’ombe" kwenye Word, na ile alama ya juu baada ya ng itapindwa kuwa alama nyingine kabisa, inayochukua baiti tatu. Kwenye seva isiyoandaliwa, mpokeaji ataona Ngâ€™ombe. Kanuni ya kupitisha majina kama hayo ipo tangu 1997, RFC 2231, na maktaba nzuri huifuata bila kuambiwa. Mtego mwingine ni nafasi. Kichwa kikiwa na filename=Taarifa ya Juni.pdf bila nukuu, programu nyingine za barua husoma neno la kwanza tu, na faili linafika likiitwa Taarifa, bila .pdf, na simu haijui ilifungue kwa nini.

Ukubwa unahitaji hesabu. Kwa kuwa kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, kiambatisho hukua kwa theluthi, na alama za kufunga mistari ya herufi 76 huongeza kidogo. Postfix, seva ya barua inayotumika sana kwenye Linux, isiporekebishwa hukubali barua isiyozidi baiti 10,240,000. Faili la baiti 8,000,000 linaonekana liko chini sana ya hapo. Likishasimbwa linakaribia 10,950,000, na seva inalikataa kwa namba 552. Gmail huruhusu kutuma hadi MB 25. Programu inapaswa kupima barua iliyokwisha kujengwa badala ya faili lililoko kwenye diski. Ikizidi, mpe mwanachama kiungo cha kupakulia kinachodai nenosiri na kinachoisha muda.

Kukataliwa na seva kuna mengi, ila kwa kiambatisho machache yanatosha. Namba 535 ni nenosiri. Tangu 30 Mei 2022 Google ilianza kuziondolea akaunti za kawaida ruhusa ya programu kuingia kwa nenosiri la kila siku, na ikaacha nenosiri maalumu la programu, lenye herufi 16, kwa aliyewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Poti 587 huanza wazi kisha ikapandishwa kuwa fiche, 465 huwa fiche tangu mwanzo, na anayezichanganya hubaki akingoja muunganisho usiokamilika. Gmail huzuia mafaili ya .exe hata yakiwa ndani ya zip, kwa hiyo kubadilisha vazi hakusaidii. Na jibu 250 halina maana kwamba barua imefika kwa mwanachama. Lina maana seva inayofuata imeipokea. Ikishindikana baadaye, taarifa ya kushindikana hurudi kwenye anwani ya mtumaji, na vyama vingi huweka hapo anwani ambayo hakuna anayeifungua. Ifungueni. Ushahidi uko humo.

Kwa kuijenga barua, ushauri wangu ni wa moja kwa moja: usiijenge kwa mkono. Python ina EmailMessage yenye add_attachment, PHP ina PHPMailer, Java ina Jakarta Mail. Zote zinajua mipaka, mistari mitupu na nukuu. Kabla ya kutuma, iambie programu iandike barua kwenye faili lenye mkia wa .eml, ulifungue kwa Thunderbird na kwa kihariri cha maandishi. Au weka Mailpit kwenye kompyuta yako: inajifanya seva, inazipokea barua zote, na haitoi hata moja nje.

Hata hivyo maktaba nzuri haikulindi na kosa lililo baya kuliko yote yaliyotajwa, ambalo halina dalili ya kitaalamu hata moja. Mwandishi anaunda barua moja nje ya mzunguko, kisha ndani ya mzunguko anabadilisha anwani, anaambatisha, anatuma, anakwenda kwa mwanachama anayefuata. Kiambatisho cha kwanza hakikuondolewa. Mwanachama wa pili anapata taarifa yake na ya wa kwanza. Wa tatu anapata tatu. Wa mia mbili anapata mikopo, madeni na akiba za watu mia mbili, kila PDF ikifunguka vizuri kabisa. PHPMailer ina clearAttachments() na clearAddresses() kwa ajili hii, na katika Python inatosha kuunda EmailMessage mpya kwa kila mtu, ndani ya mzunguko. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata pasingekuwa na sheria, mkopo wa mama mjane si habari ya kusomwa na majirani zake kwa sababu mstari mmoja ulikaa nje ya mabano.

Jaribio la kasoro hii halihitaji taarifa ya mwanachama yeyote halisi. Tengeneza wanachama watatu wa kubuni wenye anwani za example.com, kila mmoja na PDF ya ukurasa mmoja yenye ukubwa ule ule, na uzitume kwa Mailpit. Angalia safu ya ukubwa wa barua. Ikipanda hatua kwa hatua, moja, mbili, tatu, zima kazi ya usiku leo hii, kabla ya saa 7. Zikiwa na uzito mmoja, fungua ile ya tatu, hesabu JVBERi zilizomo, na uhakikishe jina lililo kwenye PDF ndilo lililo kwenye To.